Redio, kitochi, kishikwambi au seva ya shule: kipi kinamfikia mtoto anayeachwa nyuma?

Wanafunzi wa zamani wanapochangishana, au mfadhili anapobisha hodi, kikao cha kamati ya shule hukimbilia swali moja: tununue kompyuta ngapi? Naamini swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza tujue ni watoto gani ambao leo hii somo haliwafikii, na kinachowazuia ni nini. Mmoja hauoni ubao kwa sababu ya uoni hafifu. Mwingine ni kiziwi na mwalimu wake hajui Lugha ya Alama. Wa tatu hukosa shule siku mbili tatu kila juma kwa sababu analea wadogo zake. Wa nne yupo darasani kila siku, amefika darasa la tatu, na bado hajui kusoma. Kifaa kinachomwokoa mmoja wao kinaweza kisimsaidie mwenzake chochote, na vipo vifaa ambavyo vikiletwa bila kufikiriwa huwaongezea mbio walio mbele tu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya walimu wakuu, kamati za shule na vikundi vya wazazi wenye fedha kidogo na shule ya umma ya kawaida, yaani umeme wa kukatika au sola, bando la kubana, na madarasa yaliyojaa.

Mwaka 2020 ulitufunza sote kwa nguvu. Tanzania ilifunga shule Machi 17, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kenya ilifunga katikati ya Machi, na wanafunzi walio wengi wakarudi Januari 2021. Serikali zikapeleka masomo redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Agosti mwaka huo UNICEF ikatoa hesabu yake: duniani kote watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo hayo kwa njia yoyote ile. Kwa Afrika Mashariki na Kusini ilikuwa karibu nusu ya wanafunzi wote. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kifaa fulani "kinamfikia kila mtoto", uliza ni kila mtoto wa wapi.

Redio na televisheni

Redio ina sifa ambayo vifaa vingine vyote vinaitamani: mara nyingi iko nyumbani tayari. Inakula betri kidogo, haidai bando, haihitaji mtoto ajue kusoma, na inamfikia asiyeona sawasawa na anayeona. Mtoto aliyebaki nyumbani na mdogo wake mgongoni anaisikiliza huku akichambua mchele.

Udhaifu wake ni kwamba kipindi kikipita kimepita. Mtoto aliyetumwa dukani saa nne asubuhi amekikosa, na hana wa kumuuliza. Kiziwi ameachwa nje kabisa. Tena vipindi vingi huwa ni mwalimu anayesoma kitabu kwa sauti, jambo linalochosha hata watu wazima.

Zanzibar ilishaonyesha namna bora zaidi. Katika miaka ya 2000, mradi wa Tucheze Tujifunze ulitengeneza vipindi vya watoto wadogo ambavyo ndani yake sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza watoto wajibu, ikawaambia wasimame, wahesabu, waimbe, na mlezi aliyekaa nao akaelekezwa palepale cha kufanya. Ukipata vipindi vya namna hiyo, vitie kwenye memori kadi. Redio ndogo inayosoma memori kadi inaondoa ule udhaifu mkubwa, kwani mtoto anarudia kipindi mara atakazo na kwa saa anayopata nafasi. Nikiwa na shule shikizi isiyo na umeme, hiki ndicho kitu cha kwanza ningenunua.

Televisheni inaongeza picha. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, imefundisha hesabu kwa Kiswahili na kwa wahusika ambao watoto wetu wanajiona ndani yao. Ila televisheni inafuata nyaya za umeme, na kijijini inafuata nyumba ya mwenye uwezo.

Kitochi: ujumbe au sauti?

Simu ya kitochi nayo imeshafika mahali pengi. Kenya, kampuni ya Eneza Education iliyoanzishwa 2011 iliwawezesha wanafunzi kujibu maswali ya masomo kwa ujumbe mfupi, na kumuuliza mwalimu swali bila intaneti. Tanzania, Shule Direct nayo ilipeleka mazoezi ya sekondari kwa njia ya ujumbe. Gharama ni ndogo, na kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kamati ingefaa ilijue kabla ya kulipia huduma ya ujumbe. Mwaka 2020 nchini Botswana ulifanyika utafiti kwenye familia zipatazo 4,500 wakati shule zimefungwa. Kundi moja lilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe peke yake. Kundi la pili lilitumiwa ujumbe uleule, na juu yake mwalimu akapiga simu mara moja kwa juma, dakika 15 hadi 20, akazungumza na mzazi na mtoto. Watoto waliopigiwa simu waliinuka katika hesabu. Waliopata ujumbe tu hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Zoezi hilo likarudiwa Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na simu zikaonyesha tena kwamba zinasaidia.

Kwangu mimi hili ndilo fundisho zito kuliko yote katika ulinganisho huu. Kati ya kifurushi cha ujumbe na kifurushi cha dakika za kuongea, nunua dakika. Sauti ya mwalimu inamfikia mzazi asiyejua kusoma, inamfikia mtoto asiyeona, na inasikia pale mtoto anaposita kabla ya kujibu. Ujumbe hausikii kusita.

Angalizo moja: simu ya nyumbani aghalabu ni ya baba au kaka, na inarudi jioni. Msichana ataipata akishamaliza kupika na kuosha vyombo, na pengine asiipate. Mwalimu apange saa ya kupiga na mzazi mapema, na amtaje mtoto kwa jina kwamba ndiye anayetakiwa kuongea. Asipofanya hivyo simu itapokelewa na yuleyule aliyezoea kusikilizwa.

Vishikwambi: kila mtoto chake, au darasa lipokezane?

Jaribio kubwa la vishikwambi kwa Kiswahili lilifanyika mkoani Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 15, lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170, vikiwa na programu za kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila kijiji kikawekewa kituo cha kuchajia kwa sola. Watoto walijifunza wenyewe kwa miezi 15. Asilimia 74 yao walisema hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na programu za washiriki wa fainali zikaachwa huru kwa yeyote kuzitumia.

Ni mafanikio ya kweli. Mtoto wa Handeni au Lushoto ambaye hana mwalimu kabisa ni bora apate hicho kuliko asipate kitu. Lakini nawafikiria sana walio katika nusu ile nyingine, waliokaa na kifaa kizuri miezi 15 na bado hawakufika. Hao ndio waliohitaji mtu wa kukaa karibu nao. Kishikwambi kinajua kwamba mtoto amekosea mara nne, ila hakijui kwamba hajala tangu jana.

Tuweke Tanga kando ya Peru. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi, na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, iliyotoka 2012, haikuona watoto wakipanda katika hesabu wala lugha. Tofauti ya mifano hii miwili haikuwa katika ubora wa mashine. Tanga mtoto alipewa njia iliyopangwa hatua kwa hatua, kwa lugha anayoiongea, inayomrudisha nyuma anapokwama. Peru mtoto alipewa mashine, na yaliyomo ndani hayakuongozwa na somo. Kwa hiyo unaponunua kishikwambi unanunua hasa kilichomo. Muuzaji akikueleza dakika kumi juu ya kioo na betri na dakika moja juu ya masomo, ujue anauza nini.

Ama kuhusu idadi, usitishwe na wazo kwamba lazima kila mtoto awe na chake. Malawi vishikwambi vyenye programu ya onebillion, kwa Kichewa, hukaa shuleni na watoto hupokezana, kila mmoja akipata kama saa moja kwa siku. Mpango wa kupokezana unafaa zaidi kwa usawa kuliko kugawa vichache kwa "wanaofanya vizuri". Nimewahi kuona vifaa vikifungiwa kabatini ofisini kwa hofu ya kuharibika, na wanaovitumia wakawa watoto wa darasa la mtihani peke yao. Kifaa kinachoogopwa hakimsaidii mtoto, na kamati inayokinunua iseme wazi mapema kwamba kikivunjika kwa matumizi ya kawaida hakuna mtoto wala mwalimu atakayelipishwa.

Seva ya shule

Hii ni njia ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ni kompyuta ndogo, kama Raspberry Pi inayoenea kiganjani au kompyuta ya mezani iliyopo, iliyowekewa programu ya bure kama Kolibri ya shirika la Learning Equality. Masomo, video na mazoezi hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha mashine inabebwa hadi shuleni. Hapo inatoa waifai yake yenyewe, au kupitia kisambaza waifai kama haina ya kwake, na kifaa chochote kilicho jirani kinaunganishwa na kufungua masomo bila kutumia bando hata senti.

Shule nyingi za Tanzania hazianzii sifuri katika hili. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Kwa hiyo vifaa vya kuunganisha vipo tayari, na ambacho hakipo ni chanzo cha masomo kisichodai bando. Seva inalijaza pengo hilo kwa bei isiyokaribia chumba cha kompyuta.

Kambi za wakimbizi zimepita njia ya jirani na hii. Mfuko wa Vodafone na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walianza mpango wa Instant Network Schools mwaka 2013 huko Dadaab nchini Kenya, na shule za namna hiyo zikafika pia Kakuma, Kenya, na Nyarugusu, Tanzania. Mfuko huo ulitengeneza hata sanduku la kilo 52 lenye vishikwambi 25, kompyuta, projekta na spika, linalochajiwa mara moja na kutumika siku nzima. Pamoja na vifaa, shule hizo zinakuwa na mtu wa kuzisimamia. Seva isiyo na mwenyewe hufa kwa mambo madogo: kadi imejaa, waya wa chaji umeazimwa, mwalimu aliyefundishwa amehamishwa. Fundisheni walimu wawili, na ikiwezekana wanafunzi wawili wa madarasa ya juu, mmoja wao awe msichana.

Udhaifu mwingine ni kwamba seva inaishia kwenye uzio wa shule. Mtoto anayekosa shule haimfuati nyumbani. Kwa huyo bado turudi kwenye redio ya memori kadi na simu ya mwalimu.

Mtoto asiyeona na mwenye uoni hafifu

Hapa ndipo uchaguzi mbaya unaumiza zaidi, na ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa ikitumiwa vizuri.

Tuanze na uoni hafifu, kwa sababu ndio wengi na ndio wanaosahaulika. Watoto wengi wenye ualbino wapo katika madarasa ya kawaida, wakishika daftari karibu ligusane na pua, na ubao hawauoni hata wakikaa mbele kabisa. Mwalimu anaweza kulianza hili kesho bila kununua kitu: apige picha ya ubao kwa kishikwambi chake, ampe mtoto. Mtoto anaweka vidole viwili kwenye kioo, anavitanua, na neno "kuzidisha" linajaa upana wote wa kioo. Kisha anawasha rangi za kinyume, herufi nyeupe juu ya weusi, ambazo haziyachomi macho. Mipangilio hiyo imo ndani ya simu janja karibu zote. Mwenye kofia na kivuli darasani na kioo cha namna hiyo amepata nusu ya alichokuwa anakosa.

Kwa asiyeona kabisa, uchaguzi uko kati ya vitu vitatu. Mashine ya Perkins, inayotengenezwa tangu 1951, inaandika nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwenye karatasi kwa vitufe sita, haitaki umeme, na ni imara. Ni nzito, inakaribia kilo tano, ina kelele, na kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa nukta nundu kinakuwa majuzuu kadhaa ya kubeba. Cha pili ni kisomeo cha kielektroniki cha nukta nundu, mfano Orbit Reader 20, chenye vijipini vinavyoinuka na kushuka chini ya vidole na kubeba vitabu vingi kwenye memori kadi moja. Bei yake ni ya mamia ya dola, wakati vifaa vya aina hiyo zamani viliuzwa kwa maelfu. Kasoro yake ni kwamba kinaonyesha mstari mmoja wa herufi 20 tu, kwa hiyo jedwali na grafu za hesabu hazikai humo.

Cha tatu ni kompyuta yenye kisoma skrini. NVDA ni programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Inasema kila herufi mtoto anayoibonyeza na kusoma kilichoandikwa. Sauti yake ya eSpeak ina Kiswahili, ila anayesakinisha lazima aichague. Akiacha sauti ya Kiingereza, Kiswahili kitasomwa hovyo na mtoto atadhani programu haifai. Kenya, shirika la inABLE limekuwa likifundisha wanafunzi wa Thika kompyuta kwa njia hii tangu 2009, na inawezekana kabisa kwa shule zetu.

Ni kipi cha kuanza nacho? Kwa mtoto wa madarasa ya mwanzo, nukta nundu kwanza, kwa Perkins au hata kibao na kalamu ya nukta. Sauti peke yake haimfundishi tahajia. Anayesikia tu hajui kama "ng'ombe" ina ritifaa au haina. Akishajua kusoma kwa vidole, kuanzia darasa la tano kwenda juu, mpe NVDA, kwa sababu hapo ndipo anaanza kuandika insha ambayo mwalimu asiyejua nukta nundu ataisoma na kuisahihisha mwenyewe.

Liko pia kosa moja lisilogharimu kitu kulirekebisha. Walimu hutuma vitini kwenye makundi ya WhatsApp vikiwa picha za kurasa. Kwa kisoma skrini, picha ya ukurasa haina hata neno moja la kusoma. Kitini kilekile kikitumwa kama maandishi yaliyochapwa, mtoto asiyeona anakisoma dakika ileile na wenzake. Kuhusu hakimiliki, Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017 na Tanzania 2020, mkataba unaolenga kuruhusu vitabu kutengenezwa katika miundo inayosomeka na wasioona.

Mtoto kiziwi

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa chaguo zenyewe bado ni chache. Redio na simu ya sauti hazimfai. Maandishi chini ya video yanamfaa aliyekwisha kujua kusoma, lakini kiziwi mdogo anahitaji lugha kwanza, na lugha yake ni ya alama. Kenya, kampuni ya eKitabu imetengeneza hadithi za video kwa Lugha ya Alama ya Kenya. Ni kazi nzuri, lakini Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine, kwa hiyo shule ya Tanzania isizipakue ikadhani imemaliza. Fedha ikiwa ndogo, ningeitumia kumlipa kiziwi mtu mzima aje kurekodiwa kwa simu akisimulia hadithi za kitabu cha darasa la kwanza, zikawekwa kwenye seva ya shule. Video ijaze kioo kizima. Mkalimani aliyebanwa pembeni mwa televisheni vidole vyake havionekani.

Ningechagua hivi

Shule isiyo na umeme wala mtandao: redio za memori kadi, kishikwambi kimoja cha mwalimu cha kukuzia maandishi, na dakika za simu kwa watoto wasiohudhuria. Shule yenye sola na vishikwambi vya sensa: seva kwanza, vifaa vya watoto baadaye. Shule yenye wengi wasiojua KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika darasa la tatu na la nne: vishikwambi vichache vyenye programu ya hatua kwa hatua, vya kupokezana, mwalimu akiwa chumbani. Shule yenye mtoto asiyeona hata mmoja: Perkins na kompyuta moja yenye NVDA kabla ya chumba cha kompyuta cha wote.

Na siku muuzaji anapokuja kuonyesha bidhaa yake, mwombeni afanye mambo matatu mbele ya kamati. Azime data. Awashe kisoma skrini na afungue somo moja bila kuangalia kioo. Kisha ampe kifaa mtoto wa darasa la pili ambaye hajawahi kukishika, akae kimya robo saa. Kikishindwa hata jaribio moja kati ya hayo, msitie saini siku hiyo.